Visima vitatu havikuona mafuta. Je, maji ya kisima changu ni salama?

Swali: "Nyumba yetu ipo mita 60 hivi kutoka kituo cha mafuta chenye zaidi ya miaka ishirini. Tuna kisima cha mita 14, ndicho tunachonywea, kupikia na kuogea. Tangu mwaka jana, mvua ikinyesha mfululizo maji yanatoa harufu hafifu ya petroli kwa siku mbili tatu, kisha inapotea. Mara nyingine kunakuwa na utando unaong'aa juu ya ndoo. Nilipomfuata mwenye kituo alinionyesha ripoti: wamechimba visima vitatu vya uchunguzi ndani ya uwanja wao, vikapimwa mara moja mwishoni mwa mvua, na imeandikwa 'hakuna mafuta yanayoelea'. Jirani anasema harufu ikishaisha maji hayana tatizo, tena tukichemsha yanakuwa salama kabisa. Nina mtoto wa miezi minane. Tuendelee kuyanywa au tuache?"

Acheni kuyanywa kuanzia leo, na usimchanganyie mtoto chochote kwa maji hayo, hata yakiwa yamechemshwa. Kisima chako hakijathibitika kuharibika, lakini dalili ulizozieleza zinatosha kumfanya mzazi asubiri majibu ya maabara huku familia ikinywa maji ya kwingine. Maji ya kisima yatumieni kwa muda kufua nje na kusafisha uwanja. Ripoti uliyoonyeshwa haikuondolei shaka hata moja kati ya hizo, na ningependa uelewe kwa nini, maana utakapokwenda kudai vipimo vingine utaulizwa kwa nini hiki hakikutoshi.

Sidhani mwenye kituo amekudanganya. Alichokuonyesha ni jibu la swali ambalo hukuuliza. Wewe umeuliza kama maji yanafaa kunyweka. Ripoti inasema kwamba siku moja, katika mashimo matatu, hawakuona tabaka la mafuta juu ya maji. Kati ya hayo mawili kuna pengo kubwa.

Tangi lililozikwa likitoboka kwa kutu, au maungio ya mabomba yake yakilegea (na uvujaji mwingi huanzia kwenye mabomba na maungio, si kwenye tangi lenyewe), petroli hushuka kwenye udongo taratibu. Sehemu yake hunasa katikati ya chembe za udongo na kubaki hapo kwa miaka. Sehemu nyingine hufika kwenye usawa wa maji ya ardhini na kuelea, kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa gramu kama 750 tu. Sehemu ya tatu hugeuka mvuke na kupanda juu. Ya nne, ambayo ndiyo inayokuhusu wewe, huyeyuka ndani ya maji na kusafiri nayo. Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, na baadhi yake huyeyuka kwenye maji kuliko nyingine: benzeni, toluini, ethilibenzeni, zailini, pamoja na kiongezi kiitwacho MTBE katika petroli za nchi zinazokitumia au zilizowahi kukitumia. Zikishayeyuka hazionekani kabisa. Unaweza kuinua chupa juani ukaona maji meupe kama kioo, na kumbe yamebeba sumu. Ripoti yako iliangalia sura moja kati ya hizo nne.

Katika kundi hilo, benzeni ndiyo inayoninyima usingizi. Imethibitika kusababisha saratani ya damu kwa binadamu, na kukaa nayo muda mrefu huharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Marekani imeweka 5. Ili uone udogo wa kipimo hicho, chukua lita moja ya petroli yenye asilimia moja ya benzeni. Ndani yake mna gramu 8.8 hivi za benzeni. Zikiyeyuka zote, zinatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo hicho cha 10. Uvujaji mdogo ambao mwenye kituo hauoni hata kwenye hesabu zake unaweza kuharibu maji mengi mno.

Sasa tuje kwa jirani yako, ambaye nia yake ni njema. Pua ya kawaida huanza kuinusa benzeni kwenye maji ikiwa imeshafika miligramu kadhaa kwa lita, yaani mamia ya mara juu ya kikomo cha afya. Harufu unayoisikia siku za mvua huenda inatoka kwa ndugu zake wengine wanaonukia mapema zaidi. Kwa hiyo harufu ikija, ichukulie kuwa ni onyo. Isipokuwepo, haikuambii chochote. Usiitumie kamwe kama ruhusa ya kunywa.

Kuhusu kuchemsha, jirani yuko sahihi kwa vijidudu. Benzeni ni jambo jingine. Huchemka kwenye nyuzi 80 za selisiasi, hivyo kiasi fulani kweli kitaruka, lakini kitarukia wapi? Kwenye hewa ya jiko mnamokaa na mtoto. Na huna namna ya kujua kilichobaki sufuriani. Dawa ya klorini haiondoi benzeni, wala kitambaa au kichujio cha udongo. Kuoga kwa maji ya moto katika chumba kilichofungwa kuna athari hiyo hiyo ya mvuke, ndiyo maana nashauri mwoge kwa maji ya kwingine au, mkikosa, kwa maji baridi na dirisha likiwa wazi hadi majibu yatoke.

Kuna jambo katika ripoti lililonishtua kuliko yote: walipima mwishoni mwa mvua. Wengi wangedhani ndio wakati mzuri, maji yakiwa mengi. Kwa mafuta yanayoelea ni wakati unaodanganya. Usawa wa maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa misimu, na mafuta huupanda na kuushuka pamoja nao, yakijipaka kwenye udongo wa njiani. Maji yakipanda sana, mafuta mengi hunaswa chini ya maji, ndani ya vinyweleo vya udongo, na hayawezi kutiririka kuingia kwenye kisima cha uchunguzi. Maji yakishuka wakati wa ukame, mafuta yale huachiliwa, na ghafla kisima kilichokuwa safi kinaonyesha tabaka la sentimita kadhaa. Nimeyaona haya kwa macho yangu zaidi ya mara moja: shimo moja, kifaa kile kile, miezi mitano kati ya kipimo na kipimo, majibu mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kinyume chake hutokea kwa kemikali zilizoyeyuka, na hiyo inaweza kueleza kisima chako. Mvua ikipenya kwenye udongo uliolowa petroli, au maji yakipanda hadi kugusa ule udongo uliopakwa, huosha na kubeba kemikali mpya. Harufu inakuja. Siku chache baadaye maji mengi yanaichanganya hadi pua inashindwa kuinusa. Mpangilio huo unaendana na chanzo kilicho kwenye udongo, ingawa mvua inaweza pia kuingiza uchafu kutoka juu kupitia mdomo wa kisima usiofunikwa vizuri. Kabla ya kumlaumu mtu, angalia mfuniko, na uangalie kama mtaro wa uwanja wa kituo unaelekea kwako.

Visima vitatu ni idadi ya chini kabisa inayokuwezesha kujua maji ya ardhini yanaelekea wapi. Unapima kina cha maji katika kila kimoja, mpima ardhi anaoanisha vimo vya midomo ya visima, kisha unachora pembetatu na kuona mteremko. Usidhani maji ya chini hufuata mteremko wa barabara. Mara nyingi hufuata, lakini si lazima. Mwombe mwenye kituo mambo mawili: ramani yenye mshale wa mwelekeo wa maji, na mchoro wa ujenzi wa kila kisima. Kama mshale unaelekea nyumbani kwako na hakuna hata kisima kimoja cha uchunguzi kati ya matangi na mpaka wenu, basi hakuna aliyekuchunguzia wewe. Kwenye mchoro, tafuta sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingizia maji. Matundu hayo lazima yaanze juu ya usawa wa maji wa msimu wa mvua na yashuke chini ya ule wa ukame. Yakiwa yamezama yote, mafuta yanayoelea hayana mlango wa kuingilia, na kisima hicho kitasema "hakuna mafuta" hata kama yapo hatua mbili pembeni.

Je, mita 60 ni mbali? Inategemea ardhi. Tuchukue mchanga wa kawaida wenye uwezo wa kupitisha maji wa mita 10 kwa siku (huo si mwendo halisi wa maji), mteremko wa maji wa mita 5 kwa kila kilomita, na nafasi wazi za robo ya ujazo wake. Unazidisha 10 kwa 0.005, unagawanya kwa 0.25, unapata mita 0.2 kwa siku, sawa na mita 73 kwa mwaka. Katika mchanga huo maji yanakufikia kabla mwaka haujaisha. Benzeni huchelewa kidogo kwa kunasa kwenye udongo, MTBE haichelewi karibu hata kidogo. Katika mfinyanzi mzito safari hiyo hiyo inaweza kuchukua miongo. Katika mwamba wenye nyufa au chokaa yenye mapango hesabu hii haifai kitu, kwani maji hukimbia kwenye mianya na yanaweza kukuruka wewe yakaibukia kwa mtu wa mbali zaidi.

Ipo pia habari njema, na sipendi kuificha. Ardhini wamo bakteria wanaokula benzeni. Huanza kwa kutumia oksijeni iliyomo majini, ikiisha wanahamia kwenye naitreti, chuma na salfeti. Mwaka 1995 maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani ilichambua maeneo mengi ya California yaliyokuwa na matangi yaliyovuja, ikaona kwamba ndimi za benzeni, yaani maji yaliyochafuliwa yanayorefuka kutoka kwenye chanzo, mara chache huzidi futi 250, yaani mita 76 hivi, kwa kuwa bakteria huzimaliza njiani. Lakini mita zako 60 zipo ndani ya umbali huo. Pampu yenu nayo huvuta maji kuelekea kwenu kila mnapoiwasha, na petroli iliyochanganywa na ethanoli huwashibisha bakteria kwa ethanoli kwanza, benzeni ikaendelea na safari. MTBE ni mbishi zaidi kwao. Mji wa Santa Monica, huko huko California, ulilazimika mwaka 1996 kufunga visima vilivyoupatia karibu nusu ya maji yake kwa sababu ya kiongezi hicho.

Ule utando kwenye ndoo usiutupilie mbali, lakini usiuamini haraka. Upasue kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama ganda jembamba na vipande visirudiane, kuna uwezekano mkubwa ni utando wa bakteria wa chuma, ambao hauna madhara makubwa. Ukizunguka na kuungana tena nyuma ya kijiti, huo ni mafuta. Hata ukiwa wa chuma, uandike na tarehe yake. Bakteria wanapokula petroli huyeyusha chuma kilichomo udongoni, hivyo kisima ambacho zamani hakikuwa na chuma na sasa kinacho, karibu na kituo cha mafuta, kinastahili kuulizwa maswali.

Sasa kipimo chenyewe. Maabara ya kawaida ya maji hupima vijidudu, chumvi na rangi. Ukiipelekea chupa ukasema tu "nipimie maji", utarudishiwa cheti cha usafi ambacho hakijagusa petroli. Taja kwa majina: benzeni, toluini, ethilibenzeni, zailini, MTBE na naftalini. Kwa kuwa kituo ni cha miaka mingi, kama kiliwahi kuuza petroli yenye risasi ongeza risasi na ethilini dibromaidi, iliyokuwa ikichanganywa humo. Uliza pia, kabla ya kulipa, mashine yao inaweza kuona benzeni kuanzia kiwango gani. Hili wengi hulisahau. Maabara isiyoona chini ya mikrogramu 50 itakuandikia "haikugundulika" kwa maji yenye 40, ambayo ni mara nne ya kikomo.

Namna ya kuchota ni nusu ya jibu, kwa sababu kemikali hizi hutoroka hewani. Maabara inayojua kazi itakupa vichupa vya glasi vya mililita 40 vyenye tone la asidi ndani; usivisuuze. Chota kwenye bomba lililo karibu zaidi na pampu, kabla ya tangi la juu, baada ya kuendesha maji kwa dakika kadhaa. Fungulia maji kidogo yatiririke kwenye ukuta wa kichupa bila povu, jaza hadi yatune mdomoni, funga, kisha kipindue. Ukiona kiputo cha hewa, rudia na kichupa kingine. Hifadhi kwenye barafu na ufikishe maabara mapema. Sampuli yenye asidi na iliyopozwa hudumu siku 14. Usichote ukiwa umetoka kujaza gari mafuta, na jenereta isiwe inanguruma pembeni. Omba pia kichupa cha maji safi cha maabara kiende na kurudi na sampuli zako bila kufunguliwa. Kikikutwa na benzeni, tatizo lilikuwa safarini.

Pima mara mbili kwa uchache: siku harufu ikiwepo, na tena katikati ya ukame. Kwa visima vya kituo, utaratibu wa maana ni kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, wakipima kina cha maji, unene wa mafuta kama yapo, kemikali zilizoyeyuka, na oksijeni, chuma na salfeti ili ionekane kama bakteria wanafanya kazi. Ndipo unaweza kusema ulimi wa uchafuzi unakua, umesimama au unarudi nyuma. Namba moja ya siku moja haiwezi kukuambia hilo.

Ukiweza, ulizia na kumbukumbu za matangi yenyewe: hesabu ya kila siku ya mafuta yaliyoingia, yaliyouzwa na yaliyobaki, pamoja na majaribio ya kuyabana mabomba kwa shinikizo kuona kama yanavuja. Zina mipaka yake. Kipimo cha kiotomatiki cha kila mwezi kinachokubaliwa Marekani kinatakiwa kunasa uvujaji wa lita 0.76 kwa saa. Ulio chini kidogo ya hapo unaweza kupita, na kwa mwezi umemwaga zaidi ya lita 500. Pale maji ya ardhini yanapokuwa juu ya kitako cha tangi, tundu linaweza hata kuingiza maji badala ya kutoa mafuta. Kama wateja wa kituo hicho wamekuwa wakilalamika kwamba mafuta yana maji, hiyo ni habari ya kuipeleka kwa mamlaka.

Majibu yakija na benzeni ikazidi mikrogramu 10, kisima kisitumike kwa kunywa wala kupikia hadi vipimo kadhaa mfululizo vishuke. Ikionekana chini ya hapo, bado imefika kwenu, na kwa mtoto mdogo mimi ningebaki na maji ya kwingine huku nikipima tena. Kichujio cha mkaa maalumu huondoa benzeni vizuri kikiwa kipya, lakini hujaa, na kikijaa hakitoi ishara yoyote. Kinafaa tu kama kuna mtu wa kupima maji yanayotoka na kukibadilisha kwa ratiba. MTBE hukijaza haraka zaidi. Kuchimba kirefu hapo hapo ni shauri linalotolewa kirahisi mno. Kisima kirefu kisichozibwa vizuri kwenye tabaka la juu kinakuwa bomba la kushushia uchafu kwenye maji ambayo yalikuwa bado salama. Kama mtaamua hivyo, asimamie mtaalamu wa haidrojiolojia, yaani elimu ya maji ya ardhini. Kuunganishwa na maji ya mtandao au kuchota upande ambako maji ya ardhini yanatoka kabla ya kufika kituoni, hata kwa usumbufu, mara nyingi ndiyo njia bora.

Kuhusu afya, madhara ya benzeni kwa viwango vya majini hujengeka kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbia hospitali usiku huu. Mpeleke mtoto kwa daktari wake siku za karibuni, umweleze amekuwa akitumia maji gani na kwa muda gani. Benzeni hutoka mwilini ndani ya siku chache, hivyo kipimo cha damu hakitakuonyesha alichokunywa miezi iliyopita, lakini daktari anaweza kuangalia picha kamili ya damu na kuamua kama kuna la kufuatilia.

Kuna hali moja isiyosubiri maabara. Mkisikia harufu kali ya petroli ndani ya nyumba, kwenye chemba ya maji taka, au kisimani mkifungua mfuniko, msiwashe wala kuzima swichi yoyote, msiwashe moto, tokeni nje wote na piga simu zimamoto mkiwa mbali. Mtu asishuke kisimani kuangalia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini, na humzimisha mtu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele.

Kwa mengine, andikia mamlaka ya maji na ya mazingira ya eneo lenu barua yenye tarehe za harufu, tarehe za mvua, nakala ya ripoti ya kituo na ombi la kisima kimoja cha uchunguzi kwenye mpaka wenu na kituo. Majirani wenye visima wasaini pamoja nawe na wapime pia, kwa sababu kisima cha pili na cha tatu vitaonyesha mwelekeo ambao kimoja hakiwezi kuuonyesha. Majibu ya maabara yakitoka, yalete hapa pamoja na kina cha maji siku ya kuchota, nami nitayasoma nawe mstari kwa mstari.